Tumbo la Ukubwa wa Kisukari

Nusu ya yai la kuchemsha ilinichukua dakika arobaini. Nakumbuka muda huo vizuri kwa sababu mume wangu alikaa mbele yangu na saa yake ya mkononi ameilaza mezani, kama msimamizi wa mtihani. Nilikuwa na wiki ya tano tangu nipasuliwe tumbo, na siku hiyo ndiyo niliruhusiwa kwa mara ya kwanza kula kitu ambacho si cha kunywa wala cha kuponda. Nilikata kipande kidogo kama ukucha, nikakitafuna mpaka kikawa maji, nikameza, nikatulia.

"Vipi?" akauliza.

"Kimepita."

"Kimepita kabisa?"

"Kimepita, mzee. Subiri kidogo nichukue kingine."

Nilipofika nusu nikashiba. Nilishiba kweli, mpaka kwikwi ikanishika. Mimi niliyekuwa namaliza chapati nne nikingoja chai ichemke, leo nimeshindwa na nusu ya yai. Nikalitazama lile lililobaki kwenye sahani, nikaanza kucheka, na kidonda kikaniuma kwa kucheka. Mume wangu akalichukua, akalitia mdomoni mara moja, akaandika kwenye daftari: yai, nusu, salama.

Kazi yangu ni upishi wa shughuli. Naishi Bigwa, Morogoro, pale mji unapoishia na mlima unapoanza, na kwa zaidi ya miaka ishirini nimepikia watu harusi, maulidi, kipaimara na hitima. Mpishi wa shughuli hali mezani. Anakula akiwa amesimama. Anaonja mchuzi kama chumvi imekolea, anaonja nyama kama imeiva, anaonja ukoko wa pilau kwa sababu ukoko ni mtamu, na wageni wanapokaa mkekani yeye ameshakula sahani mbili bila kushika sahani. Unene ulinijia hivyo, kijiko kwa kijiko, na sikuwa na sababu ya kuuogopa. Watu walikuwa wakisema mpishi mwembamba ni wa kutiliwa shaka.

Baadaye magoti yakaanza kulia. Ikafuata presha, halafu sukari. Nikawa napika nimekaa kwenye kigoda, naagiza wenzangu wawili ninaofanya nao kazi wageuze pilau kwa niaba yangu, na mwiko wa mtu mwingine haugeuzi kama wako.

Lakini kilichonipeleka hospitali si kazi. Ni mama. Mama anaishi juu Kinole, kwenye nyumba ya bibi yetu, na kutoka gari linapoishia hadi mlangoni kwake ni mwendo wa nusu saa wa kupanda katikati ya migomba na midalasini. Kwa miaka minne sikuweza kupanda. Nilikuwa nikishuka kwenye gari nakaa kwenye jiwe kando ya barabara, napiga simu, na mama mwenye miaka sabini na kitu anateremka na sufuria kichwani aje anilishe. Siku moja mvua ilitukuta pale. Tukala chini ya mwavuli mmoja, ukingo wa khanga yake umelowa. Alipokuwa anafunga sufuria akasema, bila ukali wowote, "Siku hizi unakuja kama mtu aliyefuata mzigo. Hata kivuli cha nyumba yako hukioni."

Nilirudi Bigwa nikamwambia mume wangu kwamba nataka upasuaji ule ambao daktari alikuwa ameutaja mara mbili na mimi nikajifanya sikusikia.

Tulikwenda Dar es Salaam. Daktari aliyenipasua alikuwa mtu mpole mwenye kuongea taratibu. Alinieleza kwamba watakata sehemu kubwa ya tumbo la chakula na kushona itakayobaki, na itakayobaki itakuwa na umbo na ukubwa wa ndizi.

"Ndizi gani, daktari?" nikamuuliza.

"Ndizi tu, mama. Ndizi ya kawaida."

"Hakuna ndizi ya kawaida. Mimi natoka Morogoro. Ni mkono wa tembo, ni mzuzu, au ni kisukari?"

Akafikiri. Muuguzi aliyekuwa pembeni akageuka ukutani asionekane anacheka. "Tuseme kisukari," daktari akasema mwishowe, na hapo sote watatu tukacheka, kwa sababu kisukari ndicho kilichokuwa kimenipeleka pale.

Mama sikumwambia. Mjomba, mdogo wake, aliwahi kuingia chumba cha upasuaji akitembea mwenyewe na kutoka amefunikwa shuka, na tangu hapo neno kisu likitajwa pamoja na hospitali mama hushika tama. Nilimwambia naenda Dar kwa vipimo. Nilijiambia kwamba nitamweleza nikishapona.

Safari ya kurudi niliivumilia vizuri mpaka Msamvu, stendi ya mabasi ya Morogoro. Mtu anayeijua Msamvu anajua basi likisimama kinachofuata. Madirisha yakajaa mayai, korosho, mahindi ya kuchoma, mishikaki, na harufu ya vitunguu vya kukaanga kutoka kwenye vibanda. Nilikuwa na siku kadhaa bila kutia mdomoni kitu zaidi ya maji na supu iliyochujwa. Mume wangu aliinuka akasimama kati yangu na dirisha, akatanua koti lake.

"Usivute pumzi," akaniambia.

"Sasa nitaishije?"

"Vuta kwa mdomo."

Tulishuka hivyo, yeye mbele na koti limetanuliwa, mimi nyuma nimejiziba pua kwa mtandio, na wauza mayai wakatupisha kwa heshima wakidhani nimefiwa.

Mtaalamu wa lishe alikuwa amenipa karatasi ya masharti. Kula polepole. Tafuna mpaka chakula kiwe uji. Anza na samaki, yai, maharage au nyama laini, vyakula vya wanga baadaye kama nafasi itabaki. Usinywe maji ukiwa unakula, wala nusu saa baada ya kula. Acha sukari. Kunywa vidonge vya vitamini kila siku, maisha yako yote. Karatasi ile mume wangu aliibandika kwenye mlango wa jokofu. Kila sharti nililivunja mara moja nikajifunza, isipokuwa la ugali, hilo nililivunja mara tatu.

La sukari lilinikuta kwa jirani. Nilikwenda kumpa pole ya mtoto aliyeungua na maji ya moto, akaniletea chai ya maziwa ya kwetu, ile ambayo kijiko kinasimama kwa sukari. Nikaona aibu kukataa. Nilikunywa kikombe chote kwa haraka. Kabla sijaaga moyo ulianza kwenda mbio, jasho jembamba likanitoka, masikio yakawa yanavuma, na mikono ikatetemeka kama ya mtu mwenye homa. Nikajilaza kwenye mkeka wake palepale. Mimi niliyekuja kutoa pole nikapewa pole mimi. Ilichukua karibu saa nzima kutulia, na tangu siku hiyo jirani ananipikia chai ya mkandaa peke yangu, haina maziwa wala punje ya sukari.

Ugali ulikuwa jambo jingine. Ugali haunipi kizunguzungu, unakwama tu. Unameza tonge, na tonge linafika hapa chini ya kifua linakaa. Halipandi, halishuki. Kinywa kinajaa mate mazito yenye povu, kifua kinabana, na huwezi kukaa wala kusimama. Unatembea uani ukizunguka kama kuku anayetafuta pa kutaga mpaka lirudi lilikotoka. Mara ya kwanza nilisema nilikata tonge kubwa. Mara ya pili nikasema ugali ulikuwa mgumu. Mara ya tatu mume wangu alisimama mlangoni na kitambaa na kikombe cha maji ya kusukutulia, akangoja nimalize, akaniuliza, "Na leo kosa ni la nani?"

Sitasema yote yalikuwa ya kuchekesha. Mwezi wa tatu baada ya upasuaji nywele zilianza kubaki kwenye kitana. Jioni moja nilimpakulia mume wangu wali na samaki wa nazi, nikakaa naye, nikala vijiko vitatu, na nilipoona yeye bado anaendelea machozi yakanitoka. Sikuwa na njaa. Nilikuwa namkosa mtu fulani, na mtu huyo ni mimi mwenyewe nikila. Miaka yote chakula kilikuwa ndicho nilichofanya nikifurahi, nikichoka, nikigombana, nikipatana. Sasa mikono yangu ilikuwa haina la kufanya mezani. Mume wangu alileta kikapu cha njegere akaniwekea mapajani. "Menya," akasema. Nikamenya, yeye akala, tukazungumza mpaka akamaliza. Ikawa desturi yetu. Njegere, kunde, vitunguu saumu, sijawahi kuwa na vitu vingi vilivyokwisha kumenywa kama mwaka ule.

Shughuli ya kwanza niliyopika baada ya kupona ilikuwa harusi hapo hapo Bigwa. Nilisimama kwa miguu yangu miwili toka asubuhi, na furaha yake siwezi kuieleza. Niligeuza pilau mwenyewe. Nilipanga makaa juu ya mfuniko mwenyewe. Kuonja nilionja kama wazee wetu wa kazi walivyotufundisha, unadondosha tone la mchuzi kwenye kiganja unalilamba, na niligundua kwamba tone moja linatosha kujua kila kitu. Zamani nilikuwa naonja vijiko sita na bado naongeza chumvi. Siku ile tone la kwanza liliniambia bizari imezidi na iliki haijafika.

Shida ilitokea wakati wa kula. Shangazi wa bibi harusi, mwanamke mwenye macho makali na sauti ya kusimamia shughuli, alikuja jikoni na sahani iliyojaa.

"Mpishi, kula."

"Ahsante shangazi, nimeshakula."

"Umekula saa ngapi? Nimekaa pale tangu asubuhi nakutazama. Hujala kitu. Unalamba kiganja tu."

Wenzangu wawili wakainamisha vichwa. Walijua, na mimi nilijua, ni jambo gani linafuata. Mpishi asiyekula chakula chake anaweza kuzusha maneno ambayo hayaishi mwaka. Nikachukua kipande cha nyama ili yaishe. Nikala kwa haraka kwa sababu alikuwa ananikazia macho, na kipande kikakaa palepale ninapopajua. Nikatembea taratibu mpaka nyuma ya mgomba, na mnajua kilichotokea huko.

Niliporudi shangazi alikuwa hajaondoka. Uso wake ulikuwa umebadilika. "Mwanangu," akasema kwa sauti ya chini, "wewe una nini?"

Nikaona uongo utakuwa mrefu kuliko ukweli. Nikamwambia yote nikiwa nimeegemea ukuta, naye akasikiliza na sahani mkononi. Nilipomaliza akauliza, "Sasa lililobaki ni la ukubwa gani?"

"Kisukari, shangazi."

Akatazama sahani aliyoniletea, mlima wa pilau na mapande ya nyama juu yake, akatazama tumbo langu, na kicheko kikamtoka kwa namna ambayo hata wapiga ngoma waligeuka. Aliirudisha ile sahani mwenyewe, akaniletea kisosi cha chai chenye vijiko viwili vya pilau na nyama aliyoichambua nyuzi nyuzi kwa vidole vyake. Akakaa kando yangu mpaka nikamaliza. Kisha akatoka kwenda kuwaambia wengine kwamba mpishi anakula vizuri sana, ila ana tumbo la ndege.

Siku ile nilijifunza kwamba naweza kusema. Lakini mama alikuwa bado hajui, na mwezi wa nne tangu upasuaji ulikuwa umefika.

Nilipanda Kinole asubuhi ya Jumamosi. Sikupiga simu. Nilishuka kwenye gari, nikalipita lile jiwe la kando ya barabara, nikaanza kupanda. Nilipumzika mara nne. Kwenye kijito nikanawa uso, nikasikia moyo wangu unapiga kwa nguvu lakini haulalamiki. Mama alikuwa uani anaanika karafuu kwenye jamvi. Aliinua kichwa, akanitazama nikikata kona ya nyumba, na hakunitambua.

"Hodi," nikasema. "Shikamoo mama."

Karafuu zikamdondoka. "Marahaba," akajibu kwanza, kwa sababu adabu ilitangulia mshangao. Ndipo akainuka akaja akanishika mabega, akanishika mashavu, akanizungusha. "Umepanda," akasema. "Umepanda mwenyewe."

Akaingia jikoni mbio kama msichana. Najua jinsi mama anavyopika akifurahi. Alichinja kuku. Akapika ndizi kwa nazi, akapika maharage, akachuma mchicha, na ilipofika adhuhuri tulikuwa tumekaa mkekani na chakula cha kulisha majirani wote. Nikasema bismillahi, nikala taratibu, vipande vitatu vya ndizi, maharage kidogo, nyama ya kidari niliyoitafuna mpaka taya zikachoka. Nikashiba. Nikaosha mkono.

Mama akaacha kula. "Umekula wapi kabla ya kuja kwangu?"

Kwetu swali hilo ni zito. Nikasema sijala popote. Akanisogezea bakuli. Nikaongeza matonge mawili kwa kumridhisha, na yalikuwa mawili zaidi ya nafasi iliyokuwepo. Nikainuka nikaenda nyuma ya nyumba. Mama ana masikio ya mtu aliyelea watoto saba. Aliposikia akaja akanishika paji la uso kutoka nyuma, kama alivyokuwa akinishika nilipokuwa mdogo, mpaka nikamaliza. Akaninawisha, akanirudisha mkekani, akafunga mlango.

"Mwanangu," akaanza, akiwa ananitazama mikono badala ya uso. "Umekonda sana. Nywele zimepungua. Chakula hakikai. Mimi ni mama yako, na mimi si mshamba kama mnavyodhani. Dawa zipo siku hizi. Watu wanakunywa dawa na wanalima na wanazeeka. Kama ni hilo, niambie. Nitakuwa nakukumbusha saa ya dawa kwa simu."

Nilihitaji muda kidogo kuelewa alichokuwa ananiambia. Nilipoelewa kwamba anadhani nina virusi nikamshika miguu. Alikuwa amejitayarisha kwa habari ile peke yake, pale jikoni labda, akakausha machozi na kuandaa maneno ya kunifariji, wakati mimi namficha jambo ambalo lingemwondolea mzigo wote.

"Si hilo, mama. Nimepasuliwa. Wamenikata tumbo la chakula likawa dogo, ili nipungue. Kwa hiari yangu. Nilikuficha kwa sababu ya mjomba."

Nje kuku waliobaki walikuwa wanaparua jamvi la karafuu na hakuna aliyewafukuza.

"Kile kipande walichokata," mama akasema mwishowe, "wamekipeleka wapi?"

"Sijui, mama."

"Hukuuliza?"

"Sikuuliza."

"Mtu anakatwa tumbo na haulizi limekwenda wapi. Tumbo lile nililijaza mimi." Akaanza kunigombeza kwa Kiluguru, na mama akihamia Kiluguru ujue ni cha kusikiliza mpaka mwisho. Aligombeza kuhusu uongo wa vipimo. Aligombeza kuhusu mume wangu aliyejua na akanyamaza. Aligombeza kuhusu kuku aliyechinjwa. Katikati ya kugombeza akanitazama tena, nimekaa mkekani kwake, ndani ya nyumba yake, mgongo kwenye ukuta alioukandika kwa mikono yake. Akanyoosha mkono akanifinya shavu. "Umepanda," akasema tena.

Nilikaa siku tisa. Mama alilichukua tumbo langu kama kazi ya msimu. Alitafuta kikombe cha kahawa kisicho na mkono, akasema hicho ndicho kipimo changu. Maharage aliyachemsha mpaka yakapasuka, akayatoa maganda. Kuku mwingine alimpika kwa moto mdogo toka asubuhi mpaka nyama ikawa inaachia mfupa ukiigusa. Ndizi mbichi alizichemsha akaziponda na parachichi. Mlenda nilioudharau tangu utoto uligeuka kuwa rafiki yangu mkubwa, maana mlenda haujui kukwama. Akinipa kipya ananiangalia koo, akiona kimepita anasema alhamdulillahi na kunipa kingine.

Siku ya tatu au ya nne ndipo nililiona jambo lililokuwa mbele yangu miaka yote. Mama ana meno sita. Anakula taratibu sana, analiviringa tonge upande mmoja wa kinywa, analipeleka upande wa pili, analisubiri lilainike. Sisi watoto wake tukikutana pale tulikuwa tunakula kama watu wanaokimbizwa, tunaosha mikono, tunainuka, mmoja anakwenda kupiga simu, mwingine anakwenda kulala, na mama anabaki mkekani peke yake na bakuli, akitafuna. Ilikuwa hivyo tangu meno yalipoanza kumtoka. Hakuna aliyewahi kumsubiri. Mimi niliyekuwa namaliza kwanza kuliko wote ndiye sikuwahi kabisa.

Sasa tulikuwa walaji wa aina moja. Yeye anatafuna, mimi natafuna. Chakula cha mchana kilituchukua saa nzima, na katika saa hiyo mama alizungumza. Kumbe ana mazungumzo ambayo huanza baada ya tonge la kumi, na sisi wote tulikuwa tumeshaondoka kabla ya hapo. Alinisimulia alivyomkimbia mchumba wa kwanza akajificha siku mbili kwa shangazi yake. Alinisimulia alivyokwenda Kisaki na baba kabla hatujazaliwa, wakaishi msimu mzima wakilima, na jinsi tembo walivyokula shamba lote isipokuwa mstari mmoja wa mbaazi ambao baba aliugawa kwa majirani kwa aibu ya kurudi nyumbani na kikapu kimoja. Alicheka akisimulia mpaka akashika tumbo. Nina umri wa miaka arobaini na sita, na sikuwa najua kwamba baba yangu alikuwa mtu wa kuona aibu.

"Mbona hukuwahi kutuambia haya?" nikamuuliza.

"Nani alikaa?" akajibu, akachukua maharage mengine.

Sasa ni mwaka na nusu. Dawa za sukari daktari amezisimamisha, za presha zimebaki nusu. Nywele zimerudi. Ugali nakula matonge mawili, na siku nyingine moja, na siku nyingine ugali unakataa kabisa nami nauacha. Nyama kavu bado siwezi. Nikikasirika sili, kwa sababu tumbo langu likikasirika halipokei. Kwenye shughuli napika kuliko zamani, na wenzangu wanasema mkono wangu umekuwa mwepesi wa chumvi na mzito wa viungo. Kila wiki mbili napanda Kinole kwa chakula cha mchana, na mara nyingine mume wangu naye anakuja. Yeye bado anamaliza mapema, lakini amekatazwa kuinuka. Amepewa njegere.

Mwezi uliopita nilimteremsha mama mjini, nikampeleka kwa daktari wa meno akatengenezewa meno ya bandia. Nilikuwa nimepanga jambo hilo kwa muda mrefu na niliona ndiyo zawadi kubwa niliyowahi kumpa. Akayavaa, akajitazama kwenye kioo, akatabasamu, akageuka kumtabasamia mhudumu, na mtu aliyekuwa anangoja zamu yake pale kwenye benchi akamwambia, "Bibi, umekuwa binti." Alifurahi sana. Tulipofika Bigwa nikapika samaki wa nazi na wali laini wa kumjaribishia.

Mama akanawa, akakaa, akayatoa meno kinywani, akayaweka kwenye kikombe cha maji pembeni ya sahani yake.

"Mama, hayo ni ya kulia chakula."

"Haya ni ya maulidi na harusi," akasema. "Yanapendeza. Lakini nikila nayo nitamaliza haraka, nitakaa nafanya nini?"

Akakata kipande cha samaki, akanichambulia miiba, akaniwekea upande wangu wa sahani. Halafu akaanza kunieleza habari za yule mchumba wa kwanza, kwamba siku hizi amefiwa na mkewe na anaulizia habari za mama kwa watu.